Kabla mfalme hajapanda: barua ya wazi kwa wasimamizi wa tamasha la drama

Kwa kamati za tamasha la drama za kaunti na kanda, Nyanza na Magharibi. Kwa walimu wakuu wa shule zinazotuma timu na zile zinazotupokea. Na kwa idara za elimu na utamaduni za kaunti zetu.

Waheshimiwa,

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Kibuye, Kisumu, upande ule wa vitanda na makabati, na kila msimu wa drama ukikaribia huacha vitanda nikaingia kwenye makasri, mahakama, magereza na mapango. Nimejenga ikulu nyingi kuliko serikali yoyote ya nchi hii. Zote nimezibomoa kwa mikono yangu, nikang'oa misumari na kuinyoosha kwa ajili ya ikulu inayofuata. Hiyo misumari ya kunyooshwa nitairudia, maana nayo imo katika malalamiko yangu.

Nawaandikia kuhusu ngazi. Barua za namna hii huwa zinahusu nauli, chakula cha wanafunzi au matokeo yaliyobishaniwa, na najua kuna watakaoona nimekosa la kuandika. Ngazi hazina mtetezi. Zikisimama hakuna anayezitaja. Zikianguka tunasema ni bahati mbaya.

Kila mwaka simu ni ile ile. Zimebaki siku nne au tano timu iende kaunti ndogo, mwalimu ananipigia: "Fundi, mwaka huu mfalme wetu anashuka ngazi." Namuuliza anashuka kutoka kimo gani. "Juu, fundi. Awe juu kabisa, watu wamwone." Namuuliza jukwaa watakalochezea lina urefu gani kutoka mbele hadi nyuma. Kimya. Hajalipima, na si kosa lake: shule yenye ukumbi iko mbali, hajawahi kukanyaga pale, na hakuna aliyemtumia vipimo. Basi tunapatana kwa kukisia. Mita moja na robo hivi. Vidato vinne, labda vitano. Rangi ya dhahabu.

Sasa hebu tufanye hesabu ambayo mimi na mwalimu hatukuifanya kwenye simu. Tuseme ulingo wa mfalme una kimo cha sentimita 120. Ngazi ambayo mtu anaipanda bila kuifikiria, kila kidato huinuka sentimita 15 hadi 18, na sehemu ya kukanyagia huwa na upana wa sentimita 25 hadi 30. Kuna kanuni ya Mfaransa mmoja wa karne ya 17, François Blondel, ambayo mafundi wanaitumia mpaka leo hata kama hawajui jina lake: kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa kukanyagia, jibu lilingane na hatua moja ya mtu. Siku hizi tunahesabu sentimita 60 hadi 65. Kwa hiyo sentimita 120 zinataka vidato vinane vya 15, na mbao saba za kukanyagia zenye upana wa 30. Hiyo ngazi imelala sakafuni kwa sentimita 210, na mfalme bado hajapata mahali pa kuweka kiti. Ukijumlisha na ulingo wenyewe umepita mita tatu, katika kumbi ambazo nyingi ni mabwalo ya chakula, na jukwaa lake pengine ni meza za kulia zilizosukumwa pamoja na kufunikwa zulia.

Fundi afanye nini? Anabana. Vidato vinne vya sentimita 30, mahali pa kukanyaga sentimita 20. Hiyo sasa ni ngazi ya kupandia mwembe. Mtu mwenye akili timamu huishuka kinyumenyume akiwa ameshika pande zote mbili, na mfalme hawezi kuwashukia raia wake kinyumenyume. Atashuka ameelekea watazamaji, joho linaburuta, fimbo mkononi, kifua mbele, macho kwa waamuzi.

Mimi siku hizi hubishana. Namwambia mwalimu, mpe mfalme sentimita 60. Vidato vinne vya 15, mbao tatu za kukanyagia, urefu wa sentimita 90 tu sakafuni. Nimeketi viti vya nyuma vya kumbi nyingi kutoka Ahero hadi Kakamega, na mfalme aliye juu ya sentimita 60 huonekana mfalme kamili. Ufalme anapewa na wale waliopiga magoti chini yake. Baadhi ya walimu hunisikiliza. Wengine huenda kwa fundi asiyebishana.

Nina kosa langu la kukiri, maana nisipolisema mtadhani nimekuja kushtaki walimu.

Miaka kadhaa iliyopita nilijenga ngazi ya vidato vinane kwa timu moja, sitaitaja. Safari hiyo nafasi ilikuwepo na hesabu yangu ilikuwa safi, sentimita 15 kila kidato. Nikachonga mbao mbili za ubavuni, zile zinazokatwa meno kama ya msumeno: 15, 15, 15 hadi chini. Nikapigilia juu yake mbao za kukanyagia zenye unene wa sentimita mbili na nusu. Maseremala wanaosoma hapa wameshaona nilipokosea. Meno yalikuwa sawa, lakini ule unene wa ubao uliongeza kidato cha chini kabisa kikawa sentimita 17.5, na ukakila kidato cha juu kabisa kikabaki 12.5, kwa sababu sakafu ya chini na ulingo wa juu havikuongezwa ubao. Dawa yake ni kukata sentimita mbili na nusu kwenye miguu ya mbao za ubavuni kabla ya kuzisimamisha. Nililijua hilo tangu nikiwa mwanagenzi. Saa saba usiku, namulikiwa na taa ya simu, nililisahau.

Sentimita mbili na nusu ni kama upana wa kidole gumba. Aliyecheza mama wa mfalme alianza kushuka. Kidato cha kwanza kilimpa mshtuko mdogo, akauficha. Sita vilivyofuata vikamfundisha mguu wake: kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano. Mguu hujifunza haraka kuliko kichwa, na ukishajifunza hauulizi tena. Cha mwisho ukaitafuta sakafu mahali ambapo sakafu haikuwepo. Alitanguliza mkono kujizuia, kifundo kikavunjika. Waliokuwa mbele walipiga makofi, wakidhani mama wa mfalme anaomboleza.

Pale nje, karibu na gari la kumpeleka hospitali, mmoja wa wasimamizi aliniwekea mkono begani akaniambia, "Fundi, usijilaumu. Ajali haina kinga." Alikuwa ananitetea, Mungu ambariki, nami nilinyamaza nikakubali kutetewa. Lakini kinga ilikuwepo. Ilikuwa msumeno na dakika kumi.

Wiki iliyofuata nilienda nyumbani kwa yule msichana kuomba radhi. Mama yake alinikaribisha, akaniwekea chai, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza, "Na kabla ya mtoto wangu, nani alikuwa amepanda hiyo ngazi?"

Sikuwa na jibu. Mazoezini walikuwa wanatumia benchi. Ngazi ilifika asubuhi ile juu ya basi, ikafungwa, ikapakwa rangi, ikapelekwa jukwaani. Mtu wa kwanza kuishuka duniani alikuwa mtoto wake, amevaa joho, mbele ya waamuzi.

Swali hilo la mama ndilo ninalowaletea, waheshimiwa. Mengine yote ni maelezo yake.

Ngazi ya jukwaani inatakiwa kuwa bora kuliko ya nyumbani, ingawa sisi tunaifanya duni kwa sababu itatumika dakika arobaini tu. Nyumbani mtu huangalia anapokanyaga. Mwigizaji amefundishwa asiangalie chini, na akiangalia anakatwa alama. Nyumbani mtu huwa na viatu vyake. Mwigizaji yuko miguu mitupu, au amevaa akala alizoazimwa, au viatu vya mwalimu vilivyojazwa magazeti. Ana leso mbili kiunoni. Taa imempiga machoni, halafu ghafla taa zinazimwa zote kwa sababu onyesho limeisha, na ana sekunde chache za kutoka kizani. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema ashuke kichwa kikitangulia.

Na hapo kwenye kutoka ndipo penye jambo ambalo watazamaji hawalioni kamwe. Mfalme akipanda mpaka juu akapotelea mlango wa nyuma wa kasri, anaenda wapi? Yuko kimo cha mita moja na robo, nyuma ya ukuta wa plaiwudi, gizani. Nendeni mkaangalie nyuma ya mapazia. Mtakuta kiti cha plastiki. Nimewahi kukuta dawati lililoegemezwa kwenye ukuta, na mara moja mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye kazi yake ilikuwa kuinama ili wenzake wamkanyage mgongo. Ngazi ya mbele imepakwa dhahabu na imewekewa zulia jekundu. Ya nyuma haipo, kwa kuwa haina alama. Kwangu mimi ya nyuma ndiyo ya kwanza kujengwa. Iwe na upana wa sentimita 60 na zaidi, iwe na reli ya kushikia kwenye kimo cha sentimita 90 hivi, ncha ya kila kidato ipakwe mstari mweupe, na awepo mtu mmoja mwenye tochi iliyoelekezwa chini ambaye hana kazi nyingine yoyote.

Hiyo reli hata kwa ngazi ya mbele walimu huikataa, wakisema inaziba waigizaji. Upande wa watazamaji naelewa. Lakini upande wa ndani reli inaweza kuwa chochote: mikuki iliyosimamishwa, mzabibu, nyoka mrefu wa kuchonga anayeteremka na ngazi. Niliwahi kumtengeneza huyo nyoka. Mwamuzi alimsifu sana katika maelezo yake ya mwisho, akasema anaashiria usaliti. Mimi nilimweka ili mvulana mmoja mwenye miwani asianguke.

Nilisema nitarudi kwenye misumari. Timu ikifuzu, ngazi ile ile inasafiri: kaunti ndogo, kaunti, kanda. Kila mara inabomolewa ipande juu ya basi, inafungwa kwa kamba, inatikisika kwenye matuta mpaka Bungoma au Siaya, kisha inapigiliwa upya kwenye matundu yale yale. Msumari uliorudishwa mara ya tatu kwenye tundu lake haushiki kitu, umening'inia tu. Na mbao zenyewe ni za saiprasi iliyokatwa juzi, bado mbichi, nzito kwa maji. Ikikauka inanywea, na kila kiungo kinalegea bila mtu kukigusa. Mkaratusi nao, ambao wengi wanaukimbilia kwa bei, hupasuka na kujipinda. Ndiyo maana ngazi iliyosimama imara kwenye kaunti ndogo inalia kama mlango wa zamani ikifika kanda. Mwalimu anasema, "Imechoka kidogo." Ngazi haichoki. Viungo vyake vimeachana.

Panapobeba uzito patumie skrubu, na panapobomolewa na kuungwa tena patumie bolti za milimita 10 zenye nati na washa. Zaidi ya hapo, mbao ikalie mbao. Mguu wa mbao ya inchi nne kwa mbili usimame chini ya fremu na kuibeba, bolti iwe ya kuzuia isiteleze tu. Mkiinama chini ya ulingo mkaona fremu imeshikizwa ubavuni mwa mguu kwa misumari mitatu, uzito wote wa ikulu umekalia misumari mitatu. Na muangalie kama kuna mbao za mshazari kati ya mguu na mguu. Ulingo usio na mshazari hauanguki kwa kuvunjika. Unalala ubavu, polepole, na wote waliomo.

Kuhusu uzito wenyewe, mtu husema, "Ni watoto tu, kilo arobaini arobaini." Kanuni za ujenzi za Ulaya huhesabu sehemu za kujaa watu kuwa zinabeba kilonyutoni 5 kwa kila mita mraba, yaani kama kilo 500. Nilipoona namba hiyo mara ya kwanza niliona ni woga wa Wazungu. Halafu nikakumbuka tunacheza nini huku kwetu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, haichezwi kwa kunyata. Ngoma tatu zinaitikiana, mabega yanatetemeka, na miguu ishirini inashuka kwa pigo moja. Watu kumi waliosimama tuli na watu hao hao kumi wakiruka pamoja ni mizigo miwili tofauti kabisa. Mkitaka kujua, simameni chini ya ulingo wakati wa mazoezi na mshike mguu mmoja wa mbao. Mtausikia mkononi.

Rangi nitaipitia haraka. Msikubali rangi ya mafuta kwenye mbao za kukanyagia. Inang'aa vizuri kwenye picha, lakini mguu mtupu wenye jasho ukiigusa ni kama kukanyaga ganda la ndizi. Changanyeni mchanga mwembamba uliochekechwa, au gundisheni gunia, ambalo pia linanyamazisha kishindo. Msimu wetu unaangukia mvua za Machi na Aprili, na ngazi nyingi hushushwa kwenye basi zikiwa zimelowa. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ikilowa pembeni huvimba na kumeguka kama mandazi ya jana. Isikanyagwe kabisa.

Sasa kuhusu ukaguzi, ambao ndio hasa uliofanya niandike.

Tamasha hili tunaambiwa lilianza mwaka 1959, na kitu kimoja limekijua vizuri kwa miaka yote hiyo ni kukagua maneno. Hati ya mchezo hutumwa mapema, husomwa na kuulizwa maswali. Aprili 2025 kule Nakuru sote tuliona mambo yalipofikia: mchezo wa shule moja ya wasichana kutoka Kakamega ulileta amri ya mahakama, askari na mabomu ya machozi. Siingii kwenye siasa yake. Ninachosema ni kwamba sentensi moja ya mwanafunzi inaweza kukaguliwa na mwalimu, kamati, mahakama na polisi, na ngazi atakayoisimamia akiisema haikaguliwi na mtu hata mmoja.

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka 2008 unajali mabweni, madirisha na milango ifunguke upande gani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sakafu, vidato na ngazi za mahali pa kazi ziwe za ujenzi imara na zitunzwe. Mtaniambia jukwaa la tamasha si mahali pa kazi. Kwangu mimi ni mahali pa kazi, na yule mwanafunzi akipanda anafanya kazi kubwa kuliko yangu.

Tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi zaidi ya kumi wa shule moja ya msingi mjini Kakamega walipoteza maisha wakikanyagana walipokuwa wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Ile ilikuwa ngazi ya jengo, na kisa chake ni kingine. Sikitaji kwa kulinganisha. Nakitaja kwa sababu wiki zilizofuata niliitwa na shule tatu kuongeza reli. Watu walikuwa wameanza kuziona ngazi. Baada ya muhula mmoja simu zikakatika.

Basi ninaomba nini? La kwanza ni dogo na halina gharama: kila shule itakayopokea tamasha ipime jukwaa lake, upana, urefu wa kwenda nyuma, kimo kutoka sakafuni, milango iko wapi, sakafu ni ya nini, na vipimo hivyo vitumwe kwa timu zote angalau miezi miwili kabla. Tepu ya kupimia na karatasi moja. Nusu ya ngazi mbaya ninazozijua zilizaliwa kwa kukosa karatasi hiyo.

La pili ni kubwa kidogo, na ndilo ninalolipigania. Kituo kiwe na ngazi zake. Badala ya timu ishirini kuja na ngazi ishirini za misumari, kituo kiwe na nyulingo mbili tatu za kudumu zenye ukubwa wa plaiwudi nzima, mita 2.44 kwa 1.22, plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya nne kwa mbili, miguu ya kubadilishwa ya sentimita 30 na 60. Ngazi mbili za mbele zenye upana wa sentimita 120, na mbili nyembamba za nyuma zenye reli isiyotoka. Vidato vyote vya kituo viwe sentimita 15, bila kimoja kuzidi kingine hata kwa milimita tano. Timu zijue hivyo tangu mwanzo, zifanye mazoezi kwa kimo hicho hicho, na zije na vitambaa, mbao nyepesi za mapambo, nyoka wao na mikuki yao ya kuzivalisha. Ziwe kasri, ziwe mlima, ziwe mahakama.

Najua jibu la kwanza: itaua ubunifu, kila mfalme atakaa kiti kimoja. Nimelisikia kwa mwalimu ninayemheshimu sana. Lakini timu zote tayari zinatumia jukwaa moja, taa zile zile, ukumbi ule ule wenye mwangwi, na hakuna aliyelalamika kuwa sakafu imeua ubunifu wake. Jibu la pili ni pesa, na hapo nitakubali kwamba mbao zinauzwa kwa futi na futi imepanda sana. Ila jumlisheni mbao za ngazi ishirini zinazoishia jikoni kuwa kuni mwezi Mei kila mwaka, kisha mlinganishe na seti moja itakayokaa stoo miaka kadhaa. Vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi viko chini ya kaunti, na vina wanafunzi wa useremala wanaotafuta kazi ya kujifunzia. Tena kuanzia Januari 2026 Gredi ya 10 wana mkondo wa sanaa na michezo, na uigizaji ni somo la kukaa darasani. Nyulingo hizi hazitangoja Machi hadi Machi ndipo zikanyagwe.

La tatu linajibu swali la mama. Awepo mtu mmoja kila kituo, fundi au mwalimu wa ufundi, mwenye mamlaka ya kusema "hii haipandwi", na asiyeweza kupigiwa simu na mwalimu mkuu wa shule inayocheza. Kabla ya mwanafunzi yeyote, watu wazima wawili wazito wapande pamoja, wasimame kidato cha katikati, waruke mara tatu. Mimi na mwanagenzi wangu tunafika kilo 170 na tutaifanya kazi hiyo bure katika kaunti yetu. Wapime kila kidato kwa tepu, hasa cha kwanza na cha mwisho. Watikise reli. Wainame chini. Dakika kumi kwa timu. Baada ya hapo waigizaji wenyewe wapande na kushuka mara mbili wakiwa na maleba yao, taa zikiwa zimewaka na taa zikiwa zimezimwa. Kama ratiba haina dakika hizo, ratiba ina kasoro.

Yule msichana alipona. Niliambiwa na mama yake kwamba msimu uliofuata aliigiza tena, na mwalimu alipompa nafasi ya juu ya ulingo aliomba apewe ya mkulima, akakaa chini mchezo mzima.

Nimechora vipimo vyote vya nyulingo, ngazi za mbele na za nyuma kwenye karatasi mbili, kwa sentimita na kwa inchi. Kamati yoyote itakayotuma mtu Kibuye nitampa nakala bila malipo. Jambo moja tu lisilosubiri ni mbao. Tamasha ni muhula wa kwanza, na saiprasi mbichi inataka miezi ikiwa imepangwa kivulini na kutenganishwa kwa vijiti ndipo itulie. Ngazi ya Machi inanunuliwa Oktoba. Nyuma ya karakana nimeacha nafasi ya kuzipanga.

Wenu,
Fundi wa jukwaa, Kibuye, Kisumu